Unga wa Msaada Hautoshi: FEC ya Goma Imtengee Mama wa Soko Kiti

Anayetaka kujua biashara ya Goma inabebwa na nani asianzie ofisini. Aende asubuhi Petite Barrière, mpaka wa waenda kwa miguu kati ya Goma na Gisenyi. Atawakuta akina mama wenye beseni za nyanya kichwani na mtoto mgongoni, vijana waliobeba vitunguu begani, na watu wenye ulemavu juu ya baiskeli zao za magurudumu matatu, magunia yamerundikwa hadi mwenye usukani haonekani, na msukumaji anahema kwa nyuma. Kabla ya korona, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakipita hapo kwa siku moja. Ni michache mipaka ya Afrika inayopitwa na miguu mingi kiasi hicho. Nyanya hizo ndizo zinazopikwa mchana katika mitaa ya Ndosho na Katoyi. Upande wa pili wa mji, barabara ya Rutshuru, chukudu, zile skuta za mbao, zinateremka na viazi na kabichi za Kibumba, breki yake kipande cha mpira kinachobanwa kwa kisigino. Goma imemjengea mwendesha chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa magari. Lakini kwenye meza ambako biashara ya mji huu inazungumzwa na wakubwa, ni vigumu kumkuta yeye, na ni vigumu zaidi kumkuta yule mama wa beseni.

Meza hiyo kwa kawaida ni ya FEC, Shirikisho la Makampuni ya Kongo, tawi la Kivu Kaskazini. Na swali ambalo viongozi wake, wa leo na watakaokuja, wanapaswa kulijibu ni jepesi kulitamka: chama hiki kikifunga mlango kesho, ni nani katika mitaa ya Birere, Kituku au Majengo atakayesikia pengo? Wenye depo kubwa watasikia, na waagizaji wa mafuta na simenti watasikia. Wengine je? Nasema chama cha biashara hakiwi cha watu kwa kugawa msaada, hata kikigawa kwa moyo mweupe. Kinakuwa cha watu pale mchuuzi mdogo anapokuwa mwanachama mwenye kura, na pale chama kinapobeba kazi zile ambazo kila anayeuza na kununua anazihitaji: maji, chenji, mizani, usalama wa njia, moto unaporuka kutoka ubao hadi ubao. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Kazi bila kura hugeuka ufadhili, na kura bila kazi hugeuka mikutano.

FEC si chama cha jana. Ilizaliwa mwaka 1972 kwa jina la ANEZA, nchi ilipokuwa Zaïre, na mwaka 1997 ikabadili jina pamoja na nchi. Ni chemba ya biashara na ni chama cha waajiri pia. Ndiyo inayoitwa serikali inapojadili kodi au mshahara wa chini. Kazi hiyo ina maana, na anayedhani ni mchezo akamuulize mwenye duka ambaye wiki moja tu huletewa karatasi za DGI ya kodi, za DGDA ya forodha, za OCC ya ukaguzi wa bidhaa na za idara ya mapato ya mkoa, kila moja na muhuri wake. Lakini chama huchukua sura ya wanaokilipia. Kuanzia 2010 hadi 2021, Albert Yuma aliyekuwa rais wa FEC kitaifa alikuwa pia mwenyekiti wa bodi ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Silitaji hilo ili kumhukumu mtu. Nalitaja kwa sababu linaonyesha uzito wa chama umelalia upande gani: kampuni kubwa, Kinshasa, shaba. Tawi la Goma, mji usio na mgodi wa shaba wala kiwanda kikubwa, mji unaoishi kwa kupakia na kupakua, lilipewa nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwili mwingine.

Wafanyabiashara wa Goma hawana roho mbaya, na lisemwe hilo kwanza. Mji huu umeungua na kufufuka. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika mtaa wa biashara, na watu wapatao 120,000 wakabaki bila nyumba. Walioujenga upya hawakuwa serikali. Walikuwa wenye maduka na mafundi waliopandisha kuta juu ya jiwe lililokuwa bado na joto. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukarudia, lava ikakata barabara ya Rutshuru na kuharibu hifadhi kubwa ya maji na mabomba yake. Kisha ikaja miaka ya wakimbizi wa ndani, Kanyaruchinya, Bulengo, Rusayo, Lushagala. Kila balaa linapoingia, wapo wanaofungua depo, wanapakia unga na sabuni kwenye lori, wanapeleka. Wanastahili heshima. Lakini tuangalie kinachobaki. Unga huliwa wiki moja, picha hukaa kidogo zaidi, na baada ya hapo aliyepokea na aliyetoa hawana cha kuzungumza hadi balaa lijalo. Msaada hauulizi aliyepokea anaonaje bei ya mafuta ya kula. Haumpi nafasi ya kusema hapana.

Na msaada usio na hesabu huzaa kinyongo. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200 na kufika Goma Julai 2019, fedha nyingi ziliingia Kivu Kaskazini. Waliokodisha magari na nyumba walipata. Waliofiwa waliona magari yakipita. Wananchi wakaupa mchezo huo jina, Ebola business, na jina hilo lilikwamisha kazi ya kuokoa watu: mtu anayeamini kuwa ugonjwa wake ni biashara ya mwingine hafungui mlango kwa muuguzi. Kiongozi yeyote wa biashara Goma angefaa alitafakari jina hilo. Lilitungwa na watu wanaojua kutofautisha anayewatumikia na anayewatumia.

Kwamba maslahi ya wakubwa na ya wadogo si yaleyale kila siku, tulionyeshwa waziwazi Machi 2020. Rwanda na Kongo zilifunga mpaka kwa ajili ya korona. Malori ya mizigo yaliendelea kupita. Watu wa miguu walizuiwa. Kwa mwagizaji mkubwa, mpaka ulikuwa wazi. Kwa mama wa beseni, ulikuwa ukuta. Baadaye ulipatikana utaratibu wa kuunganisha mizigo: akina mama wachange, mzigo wao uvuke pamoja, wagawane upande wa pili. Utaratibu huo ulisaidia kiasi, ila nyanya hazisubiri karatasi. Aliyekuwa akivuka mara tatu kwa siku kwa mtaji wa kukopa alijikuta amekula mtaji. Hapo ndipo chama kimoja cha biashara, chenye wote ndani, kingekuwa na la kusema kwa mkuu wa mkoa: kama lori linaweza kupuliziwa dawa na dereva akapimwa, basi na akina mama hamsini waliopangwa kwa zamu wanaweza kupimwa. Hoja hiyo haikuhitaji fedha. Ilihitaji mtu mezani aliyeathirika nayo.

Tena matatizo ya mpaka huo yalijulikana zamani. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2011 kuhusu wafanyabiashara wadogo wa mipakani katika Maziwa Makuu ulieleza kuwa wengi wao ni wanawake, kwamba wanatozwa malipo yasiyo na risiti, wanatukanwa, wanapigwa, wengine wanadhalilishwa kimwili. COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika ambalo Kongo ni mwanachama wake, lina utaratibu rahisi wa kuvusha bidhaa za thamani ndogo kwa karatasi fupi. Tangu Julai 2022 Kongo imo pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Yote hayo yanasomeka vizuri kwenye vitabu. Mama anayesimamishwa na mtu wa nne asiye na sare anahitaji kitu kingine: ubao ulioandikwa kwa Kiswahili, kila malipo halali na kiasi chake, na mtu wa chama chake amesimama karibu nao, ambaye akiitwa anakuja.

Angalia sasa habari ya pesa yenyewe. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliposhika mji, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukasimama, na noti zikaanza kuwa bidhaa adimu. Watu wenye akiba benki wakawa maskini wenye namba. Wakakimbilia simu, M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, na mawakala, ambao nao hawakuwa na pesa taslimu, wakapandisha wanachokata kwa anayetoa. Faranga zilizobaki mkononi zilizunguka hadi zikachakaa. Mwombe mtu wa Goma akuonyeshe jinsi dola inavyopokelewa: muuzaji anaishika noti kwa ncha za vidole, anaiinua kwenye mwanga, anapitisha kidole gumba ukingoni taratibu, na akikuta mpasuko wa ukubwa wa punje ya mchele anairudisha bila neno. Hakuna sheria ya nchi inayosema noti hiyo haina thamani. Ni mazoea tu, na gharama yake inamwangukia wa mwisho kwenye mnyororo, asiye na mahali pa kuipeleka. Aliyeuza maharagwe siku nzima anarudi nyumbani na karatasi ambayo mwenye depo hataki kuipokea.

Hili ni jambo ambalo chama cha biashara kingelimaliza kwa wiki moja bila kumwomba mtu ruhusa. Waagizaji ishirini wakubwa wa mji wakikubaliana kupokea noti iliyochakaa ilimradi namba zake zinasomeka, kesho yake mwenye duka la jumla ataipokea, keshokutwa mwenye meza ataipokea, na mama wa maharagwe atakuwa amerudishiwa jasho lake. Wakikubaliana na mawakala wa simu kiwango cha juu cha kukata, kibandikwe kila kibanda, mzigo utapungua kwa mwalimu na kwa muuguzi. Hakuna lori la unga linaloweza kufanya hivyo. Nguvu ya wafanyabiashara haimo katika kutoa vitu. Imo katika kukubaliana namna ya kununua na kuuza, na nguvu hiyo FEC inayo na mara chache inaitumia kwa ajili ya asiye mwanachama.

Wapo watakaoniambia nitazame mji wa Butembo, kwamba kule wafanyabiashara wamekwisha fanya makubwa bila makelele yangu. Ni kweli, na mfano huo unastahili kutazamwa kwa macho mawili. Serikali ya Zaïre ilipolegea, wafanyabiashara wa Butembo pamoja na Kanisa, akiongoza Askofu Emmanuel Kataliko aliyekuwa jimboni humo tangu 1966 hadi 1997, walisimamia utengenezaji wa barabara, wakaanzisha chuo kikuu cha Graben mwaka 1989, wakaunda kampuni ya umeme, SENOKI. Mji ulikua ukiwa umesahaulika. Jicho la pili linaona jambo jingine. Mtafiti Timothy Raeymaekers, katika kitabu chake cha 2014, ameeleza jinsi wakubwa wa biashara wa mji huo, wakati wa vita, walivyoelewana na wenye silaha: walitanguliza fedha, na ushuru wao mpakani ukashuka. Amani ya namna fulani ilipatikana na bidhaa zilifika. Lakini aliyekuwa nje ya maelewano hayo alilipa bei kamili. Butembo inathibitisha kwamba wafanyabiashara wanaweza kujenga mji. Inathibitisha pia kwamba wakijenga wenyewe kwa wenyewe, bila daftari lililo wazi, wanajenga na ngazi ambayo wachache tu wanaruhusiwa kuipanda.

Hata hapa Goma, waliopigia kelele maji wakati wafanyabiashara wamenyamaza walikuwa vijana. LUCHA, vuguvugu lao, lilizaliwa mjini humu mwaka 2012, na maji yalikuwa miongoni mwa madai yake ya kwanza: mji ulio kando ya ziwa, mtoto anaamka usiku kutafuta bidoni moja. Vijana hao walikamatwa mara kadhaa. Hoteli, viwanda vya sabuni, migahawa, wote walikuwa wakinunua maji ya lori kwa bei ileile ya kuumiza, lakini dai likaachiwa watu wasio na mtaji wa kupoteza.

Mfano unaoniuma zaidi uko bandari ya Kituku. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, ikitoka Minova, ilizama karibu kabisa na bandari hiyo, watu wa ufukweni wakitazama. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alitaja watu 278 waliokuwamo na 78 waliokufa. Barabara ya Minova ilikuwa imekatwa na vita, kwa hiyo kila kilichokuwa kikipita nchi kavu kilihamia majini: abiria, magunia, mbuzi, makreti. Tulilia, tukailaumu serikali, na serikali inastahili lawama. Lakini boti ni biashara. Shehena iliyo ndani ni biashara. Mwenye mzigo anajulikana, mwenye boti anajulikana, na wote wananunua na kuuza Birere na Kituku. Chama kinachowaunganisha wenye boti, wenye mizigo na wachuuzi wa ufukweni kingeweza kuweka sharti moja: mzigo wa mwanachama haupandi boti iliyopita mstari wake, na karani wa chama anasimama gatini na daftari la kuhesabu vichwa. Karani mmoja kwa kila gati analipika. Jaketi la kuokolea ni bei ya magunia machache. Sisemi hilo lingezuia kila ajali ya Kivu. Nasema kwamba mama anayeshuka salama angejua kuna chama cha biashara mjini, na angejua kinafanya nini.

Pingamizi la kwanza nimelisikia likisemwa na watu wenye akili zao: maji, barabara, usalama wa bandari ni kazi ya serikali, na wafanyabiashara wakiichukua, serikali italala usingizi mzito zaidi huku kodi zikiendelea. Nakubaliana na nusu yake. Chama kisijenge bomba ambalo shirika la maji, REGIDESO, limelipwa kulijenga. Lakini kati ya kujenga na kunyamaza kuna nafasi pana. Kupima, kuandika na kubandika si kazi ya kuisaidia serikali kulala; ni kazi ya kuinyima usingizi. Bei ya bidoni katika kila mtaa, ikiandikwa kila Jumatatu kwa mwaka mzima na kutiwa sahihi na chama, ni hoja ambayo hakuna ofisi inayoweza kuipindua kwa hotuba. Moto nao ni hivyohivyo. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao juu ya jiwe la lava, magari ya kuzima moto ni ya kuhesabu, na kibanda kimoja kikishika usiku, kufikia alfajiri safu nzima ni majivu, bidhaa za mkopo zikiwemo. Pampu ndogo ya injini, mpira wake na vijana sita waliofunzwa kwa kila soko: hiyo ni bima ambayo hakuna kampuni itakayomuuzia mwenye meza, na mwenye depo jirani yake anaihitaji kuliko yeye.

Pia njia ambayo wafanyabiashara wameizoea ya kuishinikiza serikali, ile ya kufunga maduka ambayo Goma inaiita ville morte, si ya bure. Mei 2023 wafanyabiashara wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, Tanzania, walifunga, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuwasikiliza kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja; Juni 2024 wakafunga tena. Walisikilizwa, na sikatai. Ila duka likifungwa siku tatu, tajiri anahesabu hasara na mbeba mizigo anahesabu milo. Chama ambacho silaha yake pekee ni kufunga, kinampiga kwanza yule aliye karibu nacho.

Pingamizi la pili ni la mchango. Wadogo hawalipi ada, wanasema, hawana hesabu, wanakwepa kodi ambayo wakubwa wanalipa, na wakiingia watakimeza chama kwa wingi wao. Tena wana chama chao cha biashara ndogo na za kati, COPEMECO, waende huko. Tuanze na ada. Hakuna mtu Goma anayechangia kwa uaminifu kama mwanamke wa soko. Likirimba inaendeshwa kila siku, juani, bila wakili: mia kwa mia zinakusanywa, zamu inafika, aliyefikiwa anapokea. Vikundi vya kuweka na kukopa vina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, sanduku lisifunguliwe ila mbele ya wote. Nathubutu kusema kampuni nyingi zilizoandikishwa haziwezi kuonyesha nidhamu hiyo. Ada ikikusanywa kidogokidogo, kwa wiki, kupitia vikundi hivyo, italipwa. Kuhusu wingi kuwameza wakubwa, vyama vingi duniani vimekwisha pata dawa: wanachama hugawanywa kwa makundi, waagizaji, wenye maduka, wasafirishaji, wachuuzi wa mpakani, kila kundi na viti vyake kwenye kamati, hakuna linaloweza kuamua peke yake. Na kuhusu sheria, mchuuzi si mzururaji. Kongo inamtambua katika sheria ya biashara ndogo ya tarehe 8 Agosti 1990, inayohusu patenti, kibali cha mchuuzi; na OHADA, mfumo wa sheria za biashara ambao Kongo iliingia mwaka 2012, unampa mjasiriamali mdogo hadhi ya kujitangaza bila mlolongo wa kampuni. Chama kingeweza kumshika mkono katika hatua hiyo, naye akatoka kwenye orodha ya wanaokimbia watoza ushuru. COPEMECO ibaki na kazi yake. Lakini yakiwepo mabaraza mawili, serikali itaendelea kusikiliza lile lenye magari nje.

Kuna kizingiti kimoja ambacho hakigharimu chochote kukiondoa, na ndicho ningeanza nacho. Lugha. Soko la Virunga linauza kwa Kiswahili, soko la Alanine linapatana bei kwa Kiswahili, mwenye depo anamgombeza kijana wake kwa Kiswahili. Wakifika mkutanoni, dondoo ziko kwa Kifaransa, muhtasari kwa Kifaransa, na aliyeshuka kutoka sokoni anapiga makofi wengine wanapopiga. Kifaransa ni lugha ya sheria zetu na barua kwa wizara ziandikwe nacho. Ila kikao cha chama cha biashara cha Goma kinachoendeshwa katika lugha ambayo biashara ya Goma haifanyiki kimewatoa watu nje kabla hawajagonga. Na tukizungumza Kiswahili, ambacho si mali ya kabila lolote hapa, tunapunguza pia ule mnong'ono wa zamani kwamba chama ni cha watu wa kwao fulani.

Pingamizi la tatu ndilo zito, na silipiti haraka. Goma iko chini ya watu wenye silaha. Chama kitakachoinua kichwa kitakatwa, au kibaya zaidi kitafanywa mkusanyaji wa ushuru wa waliopo. Woga huo una sababu. Mji huu ulikuwa makao ya waasi wa RCD tangu 1998, ulishikwa na M23 Novemba 2012 kwa siku zipatazo kumi, ukashikwa tena Januari 2025. Kila mwenye bunduki huanza kwa kumtafuta mwenye duka. Kwa sababu hiyohiyo sishauri chama kitoe matamko ya siasa, wala kisimame upande huu au ule. Nashauri kiwe na kazi zisizo na bendera: mizani iliyo sahihi ina upande gani? Pampu ya moto ni ya chama gani? Na nashauri kila faranga inayoingia na kutoka ibandikwe ukutani, kwa sababu fedha inayoonekana na watu elfu tano ni ngumu kuichukua kimyakimya kuliko ile inayojulikana na watu watano. Mwenyekiti anayekwenda kwa mkubwa peke yake usiku anaweza kutishwa au kununuliwa. Anayekwenda mchana na wajumbe wa masoko sita, akirudi anaeleza kilichosemwa, ana kinga ndogo, si kubwa, lakini ni zaidi ya ile aliyo nayo sasa. Zaïre imepita, RCD imepita, magavana wamepishana, na mama wa nyanya bado anavuka mpaka. Chama kinachomtegemea yeye kina msingi uliokwisha kujaribiwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati ya FEC Kivu Kaskazini ni dogo na linatekelezeka kabla ya mwaka kwisha. Kikao kijacho kiitishwe kwa Kiswahili, na kifanyike sokoni, Kituku au Virunga, saa ambayo wachuuzi wanaweza kufika. Vitengwe viti kwa wachuuzi wa Petite Barrière, kwa wenye chukudu, kwa wenye baiskeli za magurudumu matatu, kwa mawakala wa pesa za simu, na wajumbe hao wachaguliwe na wenzao, wasiteuliwe na mtu. Ajenda iwe mbili tu, noti zilizochakaa na daftari la abiria Kituku, na uamuzi ubandikwe siku hiyohiyo kwenye ukuta wa soko, chini yake pameandikwa kiasi cha fedha kilichomo kwenye sanduku la chama na majina ya watu watatu wanaoshika funguo.